Kipupwe kimeingia: wapenda bustani na ndege wa Moshi wakutane kwa lipi?

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni kikundi cha majirani hapa Moshi mjini tunaopenda bustani, na baadhi yetu tunapenda sana ndege na miti. Nimesoma kwamba wenzetu wa Ulaya na Marekani wakati wa baridi yao hukutana kubadilishana mbegu na kuhesabu ndege. Huku kwetu kuanzia Juni hadi Agosti bustani zimepoa na watu wamejifungia ndani na masweta. Je, tunaweza kuandaa siku kama hiyo? Tuifanye lini, na tufanye nini hasa isije ikaishia kuwa kikao cha chai?

JIBU: Salama, ndugu msomaji. Inawezekana, na kipupwe chetu kinafaa kwa shughuli hiyo kuliko baridi ya kwao. Ushauri wetu ni huu: fanyeni siku moja tu, Jumamosi ya nusu ya pili ya Agosti, asubuhi muhesabu ndege kwa saa moja, kisha mbadilishane mbegu ambazo zimepimwa uotaji kabla ya siku hiyo. Mkitaka kuongeza mafunzo ya mboji, upogoaji, ufugaji nyuki na upandaji miti siku hiyo hiyo, hakuna hata moja litakalofanyika vizuri.

Tuanze na tarehe, maana wengi hukosea hapo. Marekani, Siku ya Kitaifa ya Kubadilishana Mbegu huwa Jumamosi ya mwisho ya Januari, kwa sababu ardhi imeganda, mkulima wa bustani hana kazi shambani, na zimebaki wiki chache tu kabla ya kusia mbegu za machipuko. Hesabu ya ndege ya Krismasi, iliyoanza mwaka 1900, hufanyika kati ya Desemba 14 na Januari 5. Uingereza nao tangu 1979 wana hesabu ya ndege wa bustanini mwishoni mwa Januari. Wakati huo miti haina majani, ndege wanaonekana kirahisi, na njaa inawasogeza karibu na nyumba. Sababu zote hizo ni za kwao. Kwetu miti haipukutiki yote na udongo haugandi. Tulicho nacho ni mavuno ya masika: maharage yanavunwa kuanzia Julai, mahindi yanafuata, na mchicha, mnavu na ngwara vilivyoachwa vikomae vimetoa mbegu. Mbele yetu kuna vuli. Kwa hiyo mwishoni mwa Agosti mbegu zipo, zimekauka, na bado mkulima ana wiki kadhaa za kuandaa tuta. Mkikutana Juni watu watakuja na mbegu za mwaka jana zilizobaki kwenye makopo, nyingi zikiwa zimekwisha nguvu. Pia kwa kuchagua nusu ya pili ya Agosti mnakwepa Nane Nane, ambayo huwavuta wakulima wa kanda hii kwenye viwanja vya Themi kule Njiro, Arusha.

Kazi yenyewe inaanza wiki tatu kabla. Hiyo ndiyo tofauti ya siku ya mbegu yenye maana na kikao cha chai: mbegu inafika mezani ikiwa imeshapimwa.

Kwanza, ukavu. Asubuhi za Julai na Agosti upande huu wa mlima wingu hukaa chini mpaka saa nne au saa tano, na hewa ina unyevu mwingi. Mtu anaanika maharage uani, jioni anayaingiza yakiwa yamenyonya tena unyevu, anadhani yamekauka kwa kuwa yamekaa juani siku nne. Kipimo cha chumvi kinaumaliza ubishi. Chukueni chupa ya kioo yenye kifuniko, iliyooshwa na kukaushwa kabisa, na chumvi ya mezani iliyokaushwa kwenye kikaango mpaka inachuruzika yenyewe bila kushikana. Tieni mbegu mpaka robo ya chupa, ongezeni vijiko viwili vitatu vya chumvi, fungeni, mtikise kwa dakika moja, kisha iacheni itulie dakika 15. Sasa ishikeni chupa kwenye mwanga. Chumvi yote ikiwa imeshuka chini na kuta za chupa ni safi, unyevu uko chini ya asilimia 15. Ikiwa kuna ukungu mweupe wa chembe za chumvi zilizoganda kwenye kioo, mbegu bado ni mbichi, irudi juani. Kipimo hiki ni cha mbegu kubwa kama mahindi na maharage. Na kufaulu kipimo ni mwanzo tu: mbegu ya kutunza inafaa ishuke zaidi, maharage na mahindi mpaka asilimia 12 au chini yake, kwa hiyo ongezeni siku mbili tatu za jua la mchana. Anikeni juu ya mkeka au turubai, si juu ya bati, kwa sababu bati la saa saba linaweza kukiua kiini cha mbegu hata siku yenye ubaridi.

Pili, fukusi wa maharage. Huyu ndiye anayeweza kuigeuza siku njema kuwa hasara ya mtaa mzima, kwani pakiti moja yenye mayai inatosha kuingiza wadudu kwenye ghala la mtu ambaye hakuwa nao. Mwageni maharage kwenye sinia jeupe, mpekue mbegu moja moja. Tundu la mviringo maana yake mdudu ameshatoka. Lakini angalieni pia mbegu ambazo hazina tundu: kwenye ganda mtaona doa dogo la duara, kama kijidirisha chenye mwanga hafifu, na ukilibonyeza kwa ukucha linabonyea. Ndani yake fukusi anasubiri kutoka. Mkiona hata vijidirisha viwili kwenye sinia, mzigo wote usiende mezani kabla ya kutibiwa. Tiba rahisi mjini ni friza: mbegu zilizokauka vizuri zifungwe kwenye mfuko usiopitisha hewa, zikae kwenye friza wiki nzima, kisha mfuko utolewe na uachwe umefungwa mpaka upate joto la chumba. Ukifunguliwa ungali baridi, hewa yenye unyevu itaweka umande juu ya mbegu na kazi ya kukausha itakuwa imepotea bure. Mbegu mbichi isiingie friza kabisa. Maji yaliyo ndani yake yataganda na kuiua. Asiye na friza achanganye mbegu na majivu makavu ya kuni yaliyochekechwa, kikombe kwa kikombe. Majivu humzuia fukusi mzima kutembea na kutaga, ila hayamuui aliyeko ndani ya mbegu. Kwa hiyo mbegu zilizokwisha kuingiliwa bado zinahitaji friza, au ziliwe.

Tatu, uotaji. Kila anayetaka kuleta mbegu awasilishe sampuli wiki tatu kabla, na watu wawili au watatu wapewe kazi ya kupima. Hesabuni mbegu 50 bila kuchagua zile nzuri. Kuchagua ni kujidanganya. Chukueni kitambaa cha pamba kilichochemshwa, kikamueni mpaka kisidondoshe maji, mpange mbegu kwa mistari ya 10, mkikunje kama mkeka, mkitie ndani ya mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo. Andikeni jina na tarehe. Fungueni kila siku kuangalia unyevu na kuondoa zilizooza.

Hapa kipupwe kina hila yake. Nyanya, pilipili hoho na bilinganya zinapenda joto la nyuzi 25 hivi. Ndani ya nyumba ya Moshi usiku wa Julai joto liko chini sana ya hapo, na Arusha, iliyo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari dhidi ya mita 800 hadi 900 za Moshi mjini, ni chini zaidi. Mbegu nzima inachelewa, mpimaji anakata tamaa siku ya saba na kuitupa. Wekeni mikunjo juu ya friji kwa nyuma, au kwenye rafu iliyo karibu na jiko lakini isiyopata mvuke. Maharage na mchicha yape siku 7, nyanya siku 14, karoti vilevile, na pilipili hoho mpaka wiki tatu. Wenye kikundi kama hiki Arusha waongeze siku tatu nne kwa kila moja.

Mboga mbili za asili zitawachanganya. Mgagani uliotoa mbegu mwezi Julai hautaota vizuri Agosti hata ukikaushwa kwa ustadi, kwa sababu mbegu yake mpya hulala kwa miezi kadhaa kabla ya kuwa tayari. Leteni ya mwaka jana, na ile mpya iandikwe wazi kwamba ipandwe msimu unaofuata. Mnavu nao tatizo lake ni utomvu wa tunda: sukari iliyobaki juu ya mbegu huzuia kuota. Matunda yaliyoiva yapondwe majini, mbegu ioshwe mara kadhaa mpaka maji yawe safi, ndipo ianikwe kivulini penye upepo. Mtu akilalamika kwamba mnavu wake "haukubali", mara nyingi aliukausha na tunda lake.

Matokeo yasomeni hivi. Asilimia 80 na kuendelea, mbegu iende mezani. Kati ya 60 na 80, iende ikiwa na maelezo kwamba mbegu za kila shimo ziongezwe. Chini ya hapo irudi kwa mwenyewe kwa heshima, bila kumtangaza. Kuhusu mbegu zisizofaa kupandwa, kuwapa kuku au kuzipika ni sawa ikiwa tu ni za nyumbani. Mbegu ya dukani yenye rangi nyekundu, kijani au buluu imepakwa dawa. Isiliwe, na isikae kwenye meza ambayo watoto wanaifikia.

Je, vipi viruhusiwe mezani? Pendeleeni mimea inayojichavusha yenyewe, ambayo mtoto hufanana na mzazi: maharage, ngwara, kunde, nyanya za asili, mnavu. Mchicha na loshuu, mboga ya majani ya jamii ya kabichi, pia vinafaa mkikubali tofauti ndogondogo. Mahindi huchavushwa na upepo, na katika vishamba vyetu vya mjini vilivyobanana mbegu ya mahindi ya asili karibu kila mara imechanganyika na ya jirani. Maboga hufanya vivyo hivyo kwa kazi ya nyuki. Mbegu iliyotunzwa kutoka kwenye chotara isiletwe, kwani kizazi cha pili hutawanyika: mche mmoja mrefu, mwingine mfupi, mavuno ya kubahatisha.

Na kuna vitu tunawaomba mvikatae hata akivileta mwenyekiti wa kikundi. Machipukizi ya migomba hubeba fukusi wa migomba, minyoo fundo na magonjwa ya mnyauko ndani ya udongo na shina lake. Kwa mkoa ambao mgomba ni chakula na heshima ya nyumba, hatari hiyo haina sababu ya kuchukuliwa. Miche ya nyanya inaweza kuwa na mayai ya kanitangaze, nondo anayeharibu nyanya, chini ya majani. Kwa ufupi, kiingie kilicho kavu. Kilicho na udongo au majani kibaki kwao.

Jambo la sheria nalo lisipuuzwe. Biashara ya mbegu nchini inasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003, na TOSCI, taasisi ya serikali ya mbegu, ndiyo inayothibitisha ubora. Kwa hiyo msiweke bei kwenye mbegu. Mchango wa mlangoni uwe wa chai na viti, na muuseme hivyo. Mwalikeni afisa ugani wa kata mapema, na mwenyekiti wa mtaa apewe taarifa, hasa kama mtatumia kipaza sauti. Mkipenda mtu wa kuzungumzia mboga za asili, Arusha kuna kituo cha kanda cha World Vegetable Center chenye hazina ya mbegu za mboga za Kiafrika, na kuna TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo. Waandikieni barua mwezi mmoja au zaidi kabla.

Vifungashio viwe bahasha ndogo za kaki. Mifuko ya plastiki huifungia mbegu isiyokauka sawasawa, na ndani ya wiki ukungu unaota. Maharage 30 hadi 50 yanatosha familia kujaribu mstari mmoja na kubakiza mbegu. Mchicha usizidi nusu kijiko cha chai, kwa sababu gramu moja tu ina mbegu zaidi ya 1,000. Juu ya bahasha andikeni jina la zao, jina linaloitwa nyumbani, mwezi wa kuvunwa, asilimia ya uotaji na mahali lilipokulia. Hilo la mwisho wengi huliacha, nalo ndilo lenye faida kubwa huku kwetu. Haragwe lililozoea Marangu au Kibosho, penye ubaridi na mvua za kutosha, likishushwa mjini au tambarare ya chini hukutana na joto linaloangusha maua yake. Mtu akijua mbegu imetoka wapi, ataijaribu kidogo kwanza badala ya kujaza shamba.

Sasa ndege. Tumeipanga saa hii mwanzo kwa sababu ndege hawasubiri. Jua la Agosti Moshi huchomoza karibu saa 12 na nusu. Kusanyikeni saa 1 kamili. Asubuhi ya wingu ndege nao huchelewa kuamka vizuri kwa kuwa wadudu bado wamepigwa na baridi, hivyo msikate tamaa dakika 20 za mwanzo zikiwa kimya. Kanuni tunayowapendekezea ni ile ya Uingereza, ambayo ni nyepesi na ya haki: kwa saa moja, andikeni kwa kila aina idadi kubwa zaidi mliyoiona kwa wakati mmoja, na waliotua tu. Mkiona chozi wawili, wakaondoka, wakaja watatu, mnaandika 3, si 5. Bila kanuni hiyo chozi mmoja anayezunguka ua la mshubiri atahesabiwa mara kumi.

Kwa saa hiyo bustani ya shule au ya kanisa yenye miti mikubwa inatosha. Mkitaka msitu, Rau uko jirani na mji, una hondohondo na mbega, lakini ni msitu wa hifadhi, kwa hiyo ombeni kibali na kulipia kiingilio kwa TFS, wakala wa serikali wa misitu, kabla ya siku hiyo. Wenzetu wa Arusha wana Duluti pale Tengeru, ambako tai wavuvi na midiria huonekana kandokando ya ziwa. Utaratibu ni huo huo wa TFS. Kundi lisizidi watu 12 kwa kiongozi mmoja. Darubini ya 8x42, yaani inayokuza mara 8, ni nzuri kwa wanaoanza, moja kwa watu watatu inatosha wakipokezana. Isibebwe ndani ya koti, maana ikitoka kwenye ubaridi kuingia kwenye joto na unyevu wa mwili lenzi hupata umande, na wengi huifuta kwa upindo wa kanga wenye vumbi na kuikwaruza.

Waambieni watu mapema kwamba vitabu vya ndege vitawachanganya kidogo msimu huu. Madume ya kwera na mnana wengi wasiokuwa kwenye msimu wa kuzaa huvua manjano yao na kufanana na majike, rangi ya kahawia hafifu, na hata mzoefu huandika "mnana" tu akaishia hapo. Mbayuwayu wa Ulaya wengi bado hawajafika. Wao huja zaidi kuanzia Septemba na Oktoba. Badala yake watazameni kuzumburu, wale ndege wa kijivu wenye mkia mrefu na kishungi wanaowaudhi wenye mipapai. Asubuhi yenye baridi huning'inia kwenye kitawi cha juu, wamebanana bega kwa bega, miguu imetanuka, na kila mmoja amelielekezea jua tumbo lake. Wanaota jua ili chakula cha majani na matunda kisagike. Mtoto akishaliona hilo kwa darubini hahitaji kubembelezwa aje tena. Orodha mkiituma kwenye eBird, programu ya kuhifadhi kumbukumbu za ndege, inabaki kumbukumbu ya mtaa wenu, na mwaka kesho mtakuwa na cha kulinganisha, mkitumia mahali pale pale, saa ile ile na muda ule ule.

Ratiba iliyobaki ni fupi. Saa 2 na nusu chai ya tangawizi. Lita 15 zinatosha watu 40 kwa kikombe kimoja na wachache kuongezewa, na mkiweza mtori wa moto ndiyo itakuwa imekamilika. Saa 4, wingu likianza kupanda, meza zifunguliwe. Kwanza wapite waliochangia mbegu, kila mmoja achukue bahasha tano, kisha mlango uwe wazi kwa wote. Bila mpangilio huo, watakaofika kwanza watachukua yote na waliofanya kazi ya kukausha watarudi mikono mitupu, wala mwakani hawatakuja. Saa 7 mfunge. Mkiwa ndani ya ukumbi, msiingize jiko la mkaa la kuota moto na kufunga milango. Hewa ya mkaa haina harufu, huua, na kila kipupwe inaondoka na watu. Vaeni masweta, jiko libaki nje.

Wekeni daftari moja: nani kachukua nini, na ahadi ya kurudisha mara mbili ya alichochukua mavuno yakija. Bahasha zilizobaki zikusanywe na mtu mmoja mwenye chumba kisicho na joto wala mvuke, azitie ndani ya chupa ya kioo pamoja na kifuko cha mchele uliokaangwa mpaka ukakauka kabisa na kupoa ndani ya chombo kilichofungwa, kiasi mara mbili ya mbegu. Mchele utanyonya unyevu uliobaki. Baada ya wiki mbili autoe, afunge tena, aandike tarehe juu ya kifuniko, na mapema Oktoba apime mbegu 20 za kila aina kabla watu hawajaanza kuziomba kwa ajili ya vuli.